Mtoto Aliyelipiwa Masomo Anahitaji Nini Tena?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Baraka, na mwanamemba wetu anayefanya kazi ya ulinzi wa watoto. Tunayachapa yote kwa ajili ya wanamemba ambao hawakufika, pamoja na rafiki wanaotusaidia kutoka mbali.)



 Komite iliniomba niseme namna msaada wa masomo unavyogusa maisha ya ndani ya vijana wetu. Kule kazini tunaita hiyo hali ya kisaikolojia na kijamii. Ni maneno marefu. Leo nitasema tu "moyo wa kijana", ili tusikilizane, mimi na mama anayeuza ndagala pale sokoni.

Sikuleta mashine ya kuonyesha picha. Nimeleta kaye yangu ya kazi, na kosa moja nililofanya, ambalo nitaliungama mbele yenu kabla sijamaliza. Na mwisho niko na ombo kwa chama. Tutaona kama mtalikubali.

Nianze na mimi mwenyewe, juu mtu akisema habari za watoto wa wengine bila kujitaja, anaonekana mgeni.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka sita. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mashua. Nakumbuka vitu viwili tu: maji yaliyokuwa yakiingia miguuni, na mkono wa mama ukinifunika mdomo ili nisikohoe. Nilikulia Lugufu, mkoa wa Kigoma. Kambini tulifundishwa programu ya Kongo, mwalimu akisema Kifaransa darasani. Ukifika mlangoni tu, Kiswahili kinaanza. Mwezi wa 10 mwaka 2005 safari za kurudi zilianza, meli zikitoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Zamu yetu ilifika mwaka 2007. Miaka miwili nyuma ya hapo, Lugufu ikafungwa, na waliobaki wakapelekwa Nyarugusu. Wengi wenu mnaijua hiyo njia kuliko mimi.

Tulishuka na hema, sufuria, jembe na chakula cha miezi michache. Nyumba ya baba ilikuwa imebaki msingi tu, na katikati ya msingi kulikuwa mti wa papai wenye matunda. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikaingia sekondari, mwaka wa tatu.

Juma la tano, asubuhi, direkta wa nidhamu akaingia darasani na karatasi mkononi. Akasoma majina ya wale ambao hawajalipa minervale. Langu lilikuwa la kwanza. Nikakusanya kaye zangu, nikatoka. Nyuma yangu mtu moja akasema kwa sauti ya chini, "Lugufu", na darasa likacheka. Makuta niliyodaiwa hata siyakumbuki yalikuwa ngapi. Lakini kile kicheko nakikumbuka mpaka leo.

Sikurudi nyumbani. Nilienda kukaa kando ya ziwa, pale wamama wanapoanika ndagala. Kesho yake nikavaa inifomu tena, nikamuaga mama, nikaenda kukaa palepale. Nilifanya hivyo majuma matatu. Mama alikuwa anauza mihogo ili anilipie, mimi nimekaa naangalia maji. Siku zile nilianza kufikiri vitu ambavyo kijana hapaswi kufikiri. Kulikuwa na vijana wa umri wangu waliokuwa msituni na bunduki, na niliona kwamba kule hakuna mtu anayesoma majina.

Aliyenitoa pale ni mama moja muuza ndagala, mrudi kama sisi. Alikuwa ananiona kila siku. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, umekula?" Basi. Hakuniuliza kwa nini siko masomoni. Alinipa muhogo, akaniacha nikae. Siku ya tatu nikamwambia mwenyewe. Jioni alikuja kwetu, akaongea na mama, na kesho yake wakaenda wote wawili kwa prefe kuomba nilipe kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ilitoka kwenye likelemba yao ya wamama.

Nikarudi darasani. Niliogopa kuliko siku ile niliyofukuzwa. Mwalimu wa hesabu akaniona nimesimama mlangoni. Hakusema "karibu tena", hakusema neno lolote juu yangu. Alininyoshea chaki, akasema, "Njoo uandike tarehe ubaoni." Nikaandika. Nikaenda kukaa. Somo likaendelea.

Wazee wangu, nilisoma saikolojia chuo kikuu, nikafundishwa mengi. Lakini kila nikifungua kaye yangu ya kazi, narudi kwa watu wale watatu: mama aliyeuliza kama nimekula, wamama wa likelemba waliolipa, na mwalimu aliyenipa chaki. Ungetoa moja katika hao watatu, mimi nisingekuwa mbele yenu leo. Wamama wangelipa bila mwalimu kunipokea, ningetoroka tena. Mwalimu angenipokea bila wamama kulipa, ningefukuzwa tena juma linalofuata. Na bila yule mama wa ndagala, hakuna mtu angejua kama kuna jambo.

Sasa tuangalie vijana wetu wa leo.

Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu ujana kutoka miaka kumi mpaka kumi na tisa. Katika umri huo kila mtoto anajiuliza maulizo matatu, hata kama hasemi kwa mdomo. Mimi ni nani? Watu wananiona namna gani? Kesho yangu iko wapi? Mtoto ambaye hajakimbia naye anajiuliza hivyo. Lakini mtoto aliyerudi anajiuliza mara mbili. Kijana moja aliniambia, "Kule tulikuwa batu ba Kongo. Huku banatuita Batanzania. Sasa sisi ni ba wapi?" Sikuwa na jibu la haraka la kumpa.

Masomo, yakienda vizuri, yanasaidia kujibu maulizo hayo matatu. Yanampa kijana saa ya kuamka na mahali pa kwenda. Kwa mtoto aliyezoea maisha ya kuhamahama, kujua kwamba kesho itafanana na leo ni dawa. Yanampa jina katika daftari la mwalimu na fasi yake kwenye banki. Yanampa wenzake wa kucheza mpira na kugombana na kupatana. Yanampa mtu mkubwa mwingine mbali na wazazi, na sisi tunajua kwamba wazazi wenyewe mara nyingine wamechoka, au wana machungu yao ya vita ambayo hawajayatua. Na yanampa sababu ya kungoja. Kijana anayengoja mtihani wa mwezi wa sita anaweza kuvumilia mengi ya mwezi wa pili.

Lakini angalieni pale njia inapokatika. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Mwaka 2019 serikali ilianza kuitimiza ile ahadi. Ni jambo kubwa. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wanabeba mishahara ya walimu kwa ile tunayoita prime, na watoto wengi walibaki nyumbani juu ya hiyo. Leo mtoto anaweza kufika mwaka wa sita wa msingi bila minervale. Halafu anafika mwaka wa saba, na hapo minervale inaanza. Ana miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Kwa wetu waliopoteza miaka njiani, kumi na mitano au zaidi. Ni umri uleule ambao mwili unabadilika, moyo unachafuka, na macho ya wenzake yanamchoma. Msaada unakwisha siku ambayo haja inakuwa kubwa. Ndiyo maana naomba chama kisiseme, "Masomo sasa ni ya bure, tupumzike." Kazi yetu imehama kutoka kwa watoto wadogo, imeenda kwa vijana.

Mwaka 2007 mashirika makubwa ya misaada yalipatana juu ya mwongozo wa kusaidia watu kisaikolojia wakati wa shida. Ndani yake kuna mchoro kama piramidi yenye ghorofa nne. Chini kabisa ni chakula, usalama na huduma za lazima. Ya pili ni familia na jamii. Ya tatu ni msaada wa karibu kutoka kwa watu waliofundishwa kidogo. Ya juu kabisa, ile ndogo, ni waganga wa akili. Watu wengi wakisikia "saikolojia" wanafikiri ghorofa ya juu: mtoto amelala kitandani, mtaalamu anaandika. Kumbe sehemu kubwa ya kazi iko chini, na chini tuko sisi. Minervale iliyolipwa mapema ni msaada wa kisaikolojia. Jirani anayejua jina la mtoto ni msaada wa kisaikolojia. Wale wachache wanaohitaji muganga tutawapeleka. Walio wengi wanahitaji watu.

Hata utafiti unasema hivyo, na umefanyika hapa kwetu. Mwaka 2017 lilichapishwa somo lililofuata watoto wengi katika shule 63 za mashariki ya Kongo, watoto wa shule za msingi, mahali walimu walifundishwa namna ya kusomesha kusoma na papo hapo kulifanya darasa kuwa fasi ya usalama. Watafiti waliona kwamba jinsi mtoto anavyomwona mwalimu na shule yake kuwa vinamjali inaendana na hali ya moyo wake. Wale walikuwa wadogo kuliko hawa tunaowasema leo. Lakini mimi ninayeshinda na wakubwa, naona jambo lilelile.

Sasa nifike kwenye kosa.

Miaka michache iliyopita, katika kazi yangu, tulikuwa na mradi wa kulipia vijana warudi minervale na kuwapa vifaa. Makuta yalikuwako, karatasi zilikuwa sawa, ripoti ilikuwa nzuri. Siku ya kugawa vifaa, mimi mwenyewe nilisimama mbele ya shule nzima, bendera ikiwa juu, nikasoma majina. Kila mtoto akaja mbele, akapewa begi, akasimama kwa picha. Mabegi yote yalikuwa ya rangi moja, yenye alama ya mfadhili. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha.

Juma lile lile wenzao wakaanza kuwaita "batoto ba msaada". Ukiona begi lile kwa mbali, umemjua mwenye begi. Kijana moja aliuza lake sokoni, akabeba kaye katika mfuko wa plastiki. Tulimshtaki kwa wazazi kwamba hana shukrani. Msichana moja wa mwaka wa saba, ambaye jina lake nalificha, aliacha kabisa. Alikuwa wa tatu katika darasa lake. Nilienda kwao mara mbili kumsihi. Mara ya pili aliniambia, "Kaka, mulinilipia masomo, mukanipokonya jina."

Sikulala usiku ule. Juu nilikuwa nimefanya kama yule direkta wa nidhamu. Yeye alisoma majina ya wasiolipa, mimi nikasoma majina ya waliolipiwa. Kwa mtoto aliyesimama mbele ya watu, karatasi ni ileile.

Nalisema hapa kwa sababu na chama chetu kiko karibu kufanya hivyo. Mwezi uliopita mtu alipendekeza tubandike orodha ya watoto wetu wanaosaidiwa kwenye ukuta wa ofisi, ili wanamemba waone kwamba makuta yao hayaliwi. Naelewa sababu. Uwazi wa makuta ni lazima. Chama kisicho na uwazi kinakufa. Lakini tuonyeshe hesabu, tuonyeshe risiti za shule, komite ya ukaguzi ikague majina kwa mlango uliofungwa. Ukuta usibebe majina ya watoto.

Tusidanganyane pia kwamba shule daima ni mahali pazuri. Kuna mwalimu anayepiga mpaka mtoto anakojoa. Kuna anayemwita mtoto "mjinga wa kambini" kwa sababu Kifaransa chake kinakwama. Na kuna jambo tunalolisema kwa kunong'ona: mwalimu anayedai mwili wa msichana ndipo ampe pointi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka kumi na minane. Kumlipia msichana minervale halafu kumwacha mikononi mwa mtu wa namna ile, huo si msaada. Tukilipa, tuna haki ya kuuliza, na tuna wajibu wa kufuata.

Kwa wasichana kuna jambo lingine, na naomba wababa wasiinamishe vichwa. Mtoto anakosa masomo siku kadhaa kila mwezi kwa sababu hana kitambaa cha hedhi, au kwa sababu choo cha shule hakina mlango. Siku zile zinajumlishwa. Anaanza kukosa maswali, anaanza kuona kwamba hana akili, halafu mtu anakuja kuposa na yeye anaona afadhali. Mlango wa choo ni mbao chache na misumari. Salongo moja ya chama inatosha.

Kwa wavulana, Misisi inaita. Kijana anaona mwenzake amerudi kutoka machimbo ya dhahabu na moto mpya. Haoni wale ambao shimo liliwafunika. Ukimwambia tu "soma, utapata kazi", anakuangalia, anamwangalia mjomba wake mwenye diploma anayeuza mafuta kwenye chupa, ananyamaza. Kijana wa namna hiyo hatumwongopei. Tunamwambia ukweli: diploma haitoi kazi kwa lazima, lakini inaacha milango zaidi wazi. Na kwa yule ambaye darasa limemshinda kwa umri, ushonaji, useremala au ufundi wa magari si adhabu. Ni masomo vilevile, na yanastahili msaada uleule.

Mtaniuliza, "Tutajuaje kama moyo wa mtoto unaumwa?" Mwaka 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Wao waliuweka katika maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Nawaletea kwa namna yetu.

Tazama: mtoto aliyekuwa anasema sana amenyamaza, aliyekuwa mpole anapigana kila siku, analalamika kichwa na tumbo kila juma tatu asubuhi, lakini juma mosi ni mzima, halali, amejitenga na wenzake. Moja ya hizo kwa siku mbili si kitu. Nyingi pamoja kwa majuma, ni habari.

Sikiliza: uliza dogo kwanza. "Umekula?" Usianze na "Kwa nini?" Neno "kwa nini" kwa kijana linasikika kama mahakama. Na akianza kusema, usimkatize kwa kumwambia kwamba wewe uliteswa zaidi yake wakati wa vita. Najua ni kweli. Lakini siku ile ni zamu yake.

Unganisha: kama ameongea juu ya kujiua, kama amefanyiwa ubaya wa mwili, kama haonekani tena kuwa mtu uliyemjua, usibaki na siri peke yako. Mpeleke kwenye kituo cha afya, au njoo kwetu tunaofanya kazi ya ulinzi wa watoto, na mfuate mpaka afike. Lakini jueni pia kwamba si kila mtoto aliyekimbia vita ni mgonjwa. Wengi wanapona wakipata kawaida: masomo, mpira, ugali, na mtu anayewangoja jioni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hatumlaumu kwa kushtuka, tunakaa naye mpaka aone kwamba ni ung'ongo.

Sasa ombo langu. Niko na mambo matano.

La kwanza. Tulipe mapema, moja kwa moja kwa shule, kabla ya juma ambalo majina yanasomwa. Makuta yaleyale yakilipwa juma la pili yanamlinda mtoto. Yakilipwa juma la sita yanamkuta amekwisha kuaibika. Kama sanduku letu halitoshi kwa tarehe hiyo, prezida na wazazi waende kwa prefe mapema na karatasi ya ahadi. Yule mama wa ndagala alifanya hivyo bila karatasi.

La pili. Hakuna kusoma majina, hakuna orodha ukutani, hakuna begi la rangi moja. Kaye na biki zinunuliwe sokoni, mtoto achague mwenyewe. Picha zipigwe tu pale mtoto na mzazi wamekubali, na wamejua picha inaenda wapi.

La tatu. Kila watoto wachache wapate mtu mkubwa moja wa chama, anayewatembelea mara mbili kwa mwezi. Si mkaguzi wa buletini. Kazi yake ni ile ya "umekula?" Wamama waliokuwa walimu kambini wako kati yetu, wamekaa tu. Hii haihitaji makuta, inahitaji saa.

La nne. Mwanzo wa kila mwaka wa shule tukae na walimu wa shule ambazo watoto wetu wanasoma. Hatuendi kuwafundisha kazi yao. Tunaenda kuwaambia huyu mtoto ametoka wapi, na kuwasikiliza wao pia, juu wengi wao wana mishahara inayochelewa na madarasa yaliyojaa kama lori la Lulimba. Mwalimu aliyesikilizwa anakumbuka kumsikiliza mtoto.

La tano, na hili ndilo gumu. Kama makuta hayatoshi kwa watoto wote tuliowaandika, naomba tuchukue watoto wachache zaidi na kuwafuata mpaka mwisho, kuliko kuchukua wengi na kuwaacha mwezi wa pili. Najua hii inauma. Nani atamwambia mama kwamba mtoto wake hakuingia? Mimi niko tayari kuwa moja wa wale wanaomwambia. Lakini mtoto aliyelipiwa awamu moja halafu akaachwa anaangushwa mara mbili, na mara ya pili ni sisi tuliomwangusha. Kama tunataka wengi, basi tuongeze mchango wa mwezi. Kutoa ni moyo, si utajiri, na likelemba ile iliyonirudisha darasani ilikuwa ya wamama ambao jioni wenyewe hawakuwa na uhakika wa chakula.

Kwa rafiki zetu wafadhili niko na neno moja. Mnatuuliza wangapi wamelipiwa, wangapi wamepasi. Endeleeni kuuliza, ni haki yenu. Ongezeni ulizo moja: wangapi mwaka huu wana mtu mkubwa wanayeweza kumwendea wakiwa na shida? Mkiuliza hivyo, na sisi tutaanza kuhesabu hivyo. Na msitudai picha ya mtoto analia wala ya mtoto anacheka. Tutawatumia risiti na maneno ya kweli.

Mtataka kujua yule msichana yuko wapi. Hakurudi. Anauza mandazi karibu na bandari. Kila nikipita nanunua, na yeye ananipa chenji bila kuniangalia sana. Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza, ndiye aliyeanza kuongea. Aliniuliza kama kuna masomo ya ushonaji mahali ambapo hawasomi majina. Nikamwambia nitauliza chama changu.

Basi nimekuja kuuliza. Mama sekretere ameshika kaye ya maamuzi. Naomba mambo haya matano yapigiwe kura leo, moja moja, na lile la tano tulijadili kwa pole, hata kama tutatoka hapa jua limezama. Ili nikipita bandarini kesho, niwe na jibu.